Mdomo Mkavu wa Bibi Harusi



Leo sina mshono mpya wa kuwaonyesha wala ushauri wa hina. Nataka kuwasimulia jambo lililotokea dukani kwangu, ambalo nimelinyamazia muda mrefu kwa sababu kuna mahali linanitia aibu. Nimeona bora niliseme, huenda kwa idhini ya Allah likamuokoa mtu.

Wanaonijua wanajua mimi ni mtoto wa Pemba niliyeolewa bara. Ninaishi Mwanhuzi, makao makuu ya wilaya ya Meatu, mkoa wa Simiyu. Kama kwetu tulivyo na karafuu, huku wana pamba. Hupandwa mvua zikianza, Novemba na Desemba, na hupuliziwa dawa ya wadudu kati ya Januari na Machi. Ikifika Mei msimu wa kuuza unafunguliwa na mji mzima unachangamka. Harusi nyingi zinangoja pesa ya pamba, na mimi fundi wa nguo za maharusi nangoja harusi.

Nina binti aliyekuwa akinisaidia dukani, kupiga pasi, kukunja pindo na kushona vifungo. Mwaka ule yeye mwenyewe alikuwa mchumba wa mtu. Nikaha ilipangwa mfunguo mosi, baada ya Ramadhani, na gauni lake nilikuwa nalishona mwenyewe kama zawadi.

Siku yenyewe ilikuwa Jumamosi ya mwezi wa pili. Alikuja baada ya adhuhuri, amevaa baibui lake, akasema, "Dada, leo sijisikii vizuri, kichwa kinauma." Nikamwambia akae. Baada ya muda nikamuona anajifuta jasho. Halafu machozi yakaanza kumtoka bila kulia. Mate yakamjaa mdomoni mpaka akawa anatema kwenye kitambaa. Akakimbilia nyuma kutapika, akarudi akakimbilia chooni. Aliporudi mara ya pili alikuwa anatetemeka, na nilipomshika mkono nikaona kitu ambacho sijawahi kukiona: nyama za mkono zilikuwa zinachezacheza chini ya ngozi, kama kuna wadudu wanatembea.

Dada zangu, mnajua nilidhani nini? Nilidhani ni jini. Binti ana harusi, ni mzuri, watu wanamtazama, hivyo nikasema hii ni husuda. Nikamlaza kwenye mkeka, nikamshika kichwa, nikaanza kumsomea. Nilisoma kwa moyo wangu wote, na sijutii hata herufi moja niliyosoma. Ninachojutia ni kwamba sikufanya kitu kingine chochote. Kama nusu saa ilipita hivyo.

Kilichonishitua ni macho yake. Ndani mle palikuwa na giza kidogo, kwa kuwa nilikuwa nimeshusha pazia. Mtu akiwa gizani kiini cheusi cha jicho hupanuka. Chake kilikuwa kimefinyika, kidogo kama tundu la sindano. Mimi nashughulika na sindano kila siku, kwa hiyo ndilo jambo lililonijia. Nikamuuliza, "Asubuhi ulikuwa wapi?" Akajibu kwa shida, "Shambani kwa baba. Tulikuwa tunapiga dawa."

Baba yake alikuwa anaumwa kiuno, kwa hiyo bomba alilibeba yeye mgongoni. Lilikuwa linavuja. Dawa ilimteremkia mgongoni asubuhi nzima. Hakutaka kuchelewa dukani, na hakutaka watu wamuone na gauni lililolowa, basi akavaa baibui juu yake akaja.

Stara na mkasi

Tulimpakia kwenye bajaji tukaenda hospitali. Muuguzi alipomuona tu na kusikia neno dawa ya pamba, jambo la kwanza alilosema ni, "Mvueni nguo zote, sasa hivi."

Nikasita. Palikuwa na watu, palikuwa na wanaume. Nikasema, "Dada, kwanza tumtafutie mahali." Yule muuguzi, Allah amlipe kheri, hakunikaripia. Alichukua khanga yangu na shuka la kitanda, akawapa wanawake wawili wazishike kama pazia, huku akinieleza kwamba sumu ile haingii kwa mdomo peke yake, inapita kwenye ngozi. Gauni lililolowa limebanwa na baibui, na kila dakika linaendelea kumnywesha sumu. Akanipa glavu, kwa sababu hata mimi ningeweza kuipata kwa kumgusa. Gauni lilikuwa limegandamana mgongoni, halikutaka kutoka juu wala chini. Nikaomba mkasi. Nimekata vitambaa vingi maishani mwangu, lakini mikono haijawahi kunitetemeka kama siku ile.

Wakamuosha kwa sabuni na maji mengi, mwili mzima na nywele. Nguo zile zikafungwa kwenye mfuko wa plastiki.

Sheria yetu inaijua dharura. Maalim wetu chuoni walitufundisha mapema kwamba kuokoa nafsi kunafungua mlango ambao kwa kawaida umefungwa. Nililijua hilo kwa ulimi. Siku ile nililijua kwa mikono.

Pande mbili za mwili

Baadaye, alipokuwa ametulia kidogo, daktari alinieleza kilichotokea. Mimi niliishia kidato cha nne, kisha nikasomea ushonaji, na nilisoma mambo ya neva ili nijibu mtihani tu. Daktari alieleza taratibu mpaka nikaelewa, na tangu siku ile nautazama mwili wangu kwa jicho jingine.

Ubongo na uti wa mgongo unazungumza na mwili kupitia neva, ile tunayoiita mishipa ya fahamu. Ziko pande mbili. Upande wa kwanza ni ule tunaouamuru. Ninapokanyaga pedali ya cherehani, ninapoinua mikono kusema Allahu Akbar, ninapotembea kwenda sokoni, neva za upande huo zinapeleka amri kwenye misuli iliyoshikana na mifupa, na misuli inatii. Huo ni mfumo wa hiari.

Upande wa pili haungoji amri yetu. Ndio unaoongoza kasi ya mapigo ya moyo, unaotoa mate na jasho, unaosukuma chakula tumboni, unaopanua na kufinya viini vya macho. Unajiendesha wenyewe, tukiwa macho na tukiwa tumelala. Nao umegawanyika mara mbili. Kuna sehemu inayotuamsha wakati wa hofu: moyo unakwenda mbio, mdomo unakauka, viini vya macho vinapanuka, tumbo linasimama kazi. Na kuna sehemu inayotutuliza: moyo unapungua kasi, mate yanakuja, tumbo linasaga chakula, viini vinafinyika.

Pumzi iko katikati ya pande zote mbili. Ukitaka unaibana, ukitaka unaivuta kwa nguvu. Ukisahau, mwili unaikumbuka kwa niaba yako. Usiku kucha tumelala na hakuna hata mmoja wetu anayejiamuru kuvuta pumzi. Lakini misuli inayofanya kazi hiyo, ile ya kifuani na kiwambo kilicho chini ya mapafu, ni ya aina ile ile ya misuli ya mikono na miguu. Lishikeni hilo, nitalirudia.

Sasa, neva inapofika mwisho wake haigusi msuli moja kwa moja. Inatoa tone dogo sana la kemikali iitwayo asetilikolini, na hilo ndilo linalopeleka ujumbe. Neva za misuli ya hiari zinaitumia. Neva za ile sehemu inayotutuliza zinaitumia pia. Ujumbe ukishafika, kipo kimeng'enya kinachoivunja asetilikolini mara moja ili msuli ulegee na usubiri ujumbe mwingine.

Dawa nyingi za wadudu, zile za kundi la oganofosfeti, zinakikamata kimeng'enya hicho na kukifunga. Hivyo ndivyo zinavyomuua mdudu, na hivyo ndivyo zinavyoweza kumuua mtu. Ujumbe unatumwa lakini haufutwi. Ni kama pedali ya cherehani ya umeme iliyokwama: sindano inakwenda tu, uzi unajisokota, mwisho mashine inakwama. Ndiyo maana mate yalimjaa, machozi na jasho vikamtoka, tumbo likamwachia, macho yakafinyika. Huo ulikuwa upande usiongoja amri. Na nyama zilizokuwa zinacheza chini ya ngozi zilikuwa upande wa hiari, misuli inayopokea amri ambayo hakuna aliyeitoa. Kila kitu nilichodhani ni kazi ya jini kilikuwa na maelezo.

Nilisoma baadaye jambo lililonishangaza. Mwaka 1936 wanasayansi wawili, Otto Loewi na Henry Dale, walipewa Tuzo ya Nobel kwa kuonyesha kwamba neva zinawasiliana kwa kemikali. Loewi alikuwa amelijaribu jambo hilo kwa mioyo ya vyura mwaka 1921. Na mwaka huo huo wa 1936, mkemia wa Kijerumani, Gerhard Schrader, alikuwa anatafuta dawa ya wadudu katika kundi hilo la oganofosfeti, akaangukia tabuni, sumu kali iliyokuja kuwa silaha ya vita. Mwanadamu anapewa elimu, kisha anaulizwa ameifanyia nini.

Siku ya pili

Alichomwa sindano za atropini, moja baada ya nyingine, daktari akisikiliza mapafu kila mara mpaka yakaacha kujaa maji. Jioni jasho lilikauka, mate yakapungua, akaweza kuongea. Mama yake akashusha pumzi. Jamaa wakaanza kusema, "Alhamdulillah amepona, tumrudishe nyumbani, gharama zinaongezeka." Na mimi, ukweli wangu, nilikubaliana nao.

Daktari akakataa. Akatwambia atropini ni kama kufunga milango ambayo ujumbe unaingilia kwenye mate, mapafu na moyo. Milango ya misuli ya hiari haiifungi. Kwa hiyo mgonjwa anaweza kuonekana mkavu na mzima, kumbe misuli yake bado iko hatarini, na udhaifu unaweza kuja siku moja mpaka nne baadaye. "Mama," akaniambia, "kesho asubuhi mwambie ainue kichwa kwenye mto. Ukiona hawezi, niite."

Nililala pale. Baada ya alfajiri nikamwambia, "Inua kichwa, mwanangu." Akanitazama. Akajaribu. Shingo haikunyanyuka. Akili yake ilikuwa timamu, ananisikia, anataka, lakini mwili hautii. Machozi yalimtoka, na safari hii yalikuwa machozi ya kweli.

Hapo nikakumbuka lile la pumzi. Shingo ikidhoofika, kifua kinaweza kufuata. Wengi wanaokufa kwa sumu hii hufa kwa kushindwa kupumua. Wakamuwekea oksijeni, wakawa wanamhesabia pumzi mchana na usiku, na gari likawekwa tayari, ikibidi apelekwe Bugando, Mwanza. Fikirini kama tungekuwa tumemrudisha nyumbani, tumemlaza chumbani, tumefunga mlango apumzike.

Pumzi yake ilishikilia. Siku ya tano aliinua kichwa. Siku iliyofuata alishika kikombe mwenyewe. Mama yake alimwita kila mtu wodini aje aone mtu anakunywa chai.

Nilichojifunza kuhusu dua na dawa

Nimejiuliza mara nyingi kwa nini nilichelewa. Sikuwa na imani nyingi kupita wengine. Nilikuwa na ujinga, nikaufunika kwa dini. Ruqya ni haki na dua ni silaha yetu, lakini Mtume wetu, swalla Allahu alayhi wasallam, alitufundisha kumfunga ngamia kisha kutawakali, na alituhimiza kutafuta matibabu. Ningeweza kumsomea ndani ya bajaji. Midomo yangu ingekuwa inasoma na magurudumu yanakwenda.

Jambo la pili. Yule binti alipopata nguvu aliniuliza, "Dada, nilijichafua mbele za watu?" Lilimuumiza hilo kuliko ugonjwa. Nikamwambia mwisho wa Suratul Baqara tunasoma kila siku kwamba Mola hambebeshi mtu asichokiweza. Mate, jasho na tumbo viko upande ambao hatukukabidhiwa usukani. Hakuna dhambi wala aibu pale ambapo hakuna amri yako. Tutaulizwa kwa yale ya upande wa hiari: mkono ulifanya nini, miguu ilikwenda wapi. Mkono wangu mimi ulichelewa kushika simu kuita bajaji, na hilo namuomba Allah anisamehe.

Dada zangu maharusi, nawapeni hili mlikumbuke. Hofu ya harusi na sumu hii havifanani ukiangalia vizuri. Jasho na kutetemeka viko kote kuwili. Lakini mwenye hofu mdomo wake unakauka na viini vya macho vinakuwa vikubwa. Mwenye sumu mate yanamjaa, machozi yanamtoka, viini vinafinyika. Ukiona mate mengi, macho ya tundu la sindano na nyama kuchezacheza, na mtu huyo alikuwa karibu na dawa za shamba, usingoje.

Fanyeni hivi:

Mtoeni kwenye dawa, mvueni nguo zilizolowa, mkijikinga mikono kwa glavu au mifuko ya plastiki. Shikeni khanga kumsitiri, lakini msichelewe. Muosheni kwa sabuni na maji mengi, na kama yupo mtu wa kutafuta usafiri, autafute wakati mnamuosha.

Msimlazimishe kutapika. Chukueni chupa ya dawa au lebo yake mwende nayo hospitali, daktari ajue ni sumu gani. Kwenye lebo kuna mstari wa rangi. Mwekundu ndio wa hatari kubwa kabisa, ukifuatiwa na wa njano, wa bluu na wa kijani. Kijani nacho si maji ya kunywa.

Nguo za kupulizia zifuliwe peke yake, na mwenye mimba asizifue. Chupa tupu isigeuzwe ya mafuta wala ya maji. Bomba linalovuja halibebwi, hata kama shamba litaliwa na wadudu lote.

Na msidhani haya ni ya bara tu. Hata visiwani tuna mboga, nyanya na matikiti yanayopuliziwa dawa, na dawa hizo hukaa majumbani, wakati mwingine chini ya kitanda.

Hapa Meatu wapo wakulima wanaolima pamba bila dawa hizi tangu miaka ya tisini, chini ya mradi wa bioRe ulioanza mwaka 1994. Wanapanda alizeti pamoja na pamba ili wadudu wakimbilie huko. Siku hizi ninaposhika kitambaa cha pamba cheupe, kile laini mnachokipenda kwa nguo ya ndani ya bibi harusi, najiuliza kimepita mikononi mwa nani, na mgongo wake uko salama?

Mfunguo mosi

Harusi ilifanyika tarehe ile ile iliyopangwa. Gauni nililibana kiunoni mara mbili kwa sababu alikuwa amepungua, na mikono nikaifanya mipana ili asisumbuke kuvaa. Baba yake alikuja dukani kulichukua mwenyewe. Mzee wa Kisukuma, si mtu wa maneno mengi. Aliniita mayu, kama wanavyomwita mama kwa kwao, akashindwa kuendelea. Bomba lile alikuwa amelipasua kwa shoka.

Siku ya nikaha nilikaa naye chumbani tukingoja sauti za wanaume zitujuze kwamba imepita. Moyo ulikuwa unamwenda mbio mpaka nauona kwenye mkufu. Mikono ilikuwa inatetemeka. Nikamwambia avute pumzi taratibu, na aitoe taratibu zaidi kuliko alivyoivuta, huku akimswalia Mtume kimoyomoyo. Pumzi ikitoka polepole ile sehemu ya kutuliza inapata nafasi, na moyo unashuka. Ndio mlango mdogo tuliopewa wa kuingilia upande usiotusikiliza.

Akavuta, akatoa. Kisha akageuka, macho meusi yamefunguka wazi, akanong'ona, "Dada, mdomo umenikauka. Nipe maji kidogo."

Nikatoka nje kumletea, nikasimama ukumbini na bilauri mkononi, nikasema Alhamdulillah mpaka mama yake akaja kuniuliza kuna nini.

Allah awahifadhi binti zetu na wazee wetu mashambani, na atupe elimu yenye kunufaisha. Amin.